Kiinua Mgongo, Guangzhou na Hesabu ya Gauni Moja

Mama anayestaafu ualimu au uuguzi hukutana na vitu viwili ambavyo hakuwahi kuwa navyo kwa pamoja: pesa nyingi za mara moja, na asubuhi isiyo na haraka. Mkupuo haujamaliza wiki benki, neno China limeshaanza kumzunguka. Mwenzake wa kikoba amerudi kutoka huko na mabegi. Binti wa jirani anauza nywele anazozifuata mwenyewe. Watoto wake wanagawanyika, mmoja anasema mama ajenge vyumba vya kupangisha atulie, mwingine anasema mama aende, maisha ndiyo haya. Haya yanamhusu aliyeamua kwenda, na mji ni Guangzhou, kwa kuwa ndiko wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki wanakoanzia.

Tuanze na gauni moja, maana hilo ndilo linaloangusha watu.

Tuseme umeona gauni zuri kwa yuan 42. Dola moja ni kama yuan 7, kwa hiyo gauni ni dola 6. Unachukua 200, dola 1,200. Kila moja lina gramu 300, jumla kilo 60. Wakala wa ndege, tuseme, anatoza dola 12 kwa kilo hadi mzigo utue Dar es Salaam, ushuru ukiwa humo. Hiyo ni dola 720, sawa na 3.60 kwa kila gauni. Limefika kwa dola 9.60, na kwa dola ya shilingi 2,500 ni shilingi 24,000. Kariakoo wanalichukua jumla kwa 30,000. Unaona faida ya 6,000 na moyo unatulia.

Sasa weka safari ndani. Tiketi, viza, hoteli ya siku kumi, chakula, mkalimani, teksi: tuseme dola 2,000. Gawanya kwa magauni 200, kila moja linabeba dola 10 za safari. Gauni si la 24,000 tena, ni la 49,000, na soko linakupa 30,000. Umeenda China kununua hasara ya shilingi 19,000 mara 200, na hakuna aliyekuibia hata senti.

Wengi wakifika hapa hujibu kwamba basi dawa ni kuchukua mzigo mkubwa. Ni kweli, magauni 2,000 yangebeba dola moja moja tu ya safari, na kila moja lingebaki na faida ya 3,500. Lakini magauni 2,000 ni dola 12,000 za mali, 7,200 za usafirishaji na zile 2,000 za safari, karibu shilingi milioni 53. Kwa mtu ambaye hajawahi kuuza dazeni moja ya nguo, huo ndio mlango ambako kiinua mgongo hupotelea. Kijana wa miaka 28 akiunguza mtaji ana miaka 30 mbele ya kuurudisha. Mama wa miaka 61 ana pensheni ya mwezi na magoti yake.

Kwa hiyo msimamo wetu, na kuna wafanyabiashara watakaoupinga: safari ya kwanza ihesabiwe kuwa ada ya shule, na ada hiyo, pamoja na mzigo, isizidi robo ya mkupuo. Robo tatu zikae mahali ambapo si wewe, si mtoto wako, si mchungaji wako mnaweza kuzifikia kwa wiki moja. Na kabla ya kukata tiketi, agiza mzigo mdogo kupitia mtu anayekwenda mara kwa mara, uza mpaka uishe, uone nani analipa na nani anaahidi. Ukiisha ndani ya miezi miwili, una sababu ya kupanda ndege. Ukibaki kabatini, umeokoa nauli.

Baada ya hesabu, karatasi. Hapa wanawake wa umri huu wana shida yao ambayo vijana hawaijui, nayo ni majina. Mama alizaliwa nyumbani mwaka 1963, cheti cha kuzaliwa hana. Shuleni aliandikwa jina la babu, kazini jina la mume, benki wakaandika herufi moja tofauti, na NIDA wakachukua walichoambiwa siku ile kwenye foleni. Pasipoti ya Tanzania, ambayo ada yake ni shilingi 150,000 na hudumu miaka 10, inataka namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa, na majina yasome sawa. Anayeanza RITA kutafuta cheti, halafu kwa wakili kula kiapo cha majina, halafu NIDA kurekebisha, anaweza kumaliza miezi mitatu kabla hajafika Uhamiaji. Aanze na hilo kwanza, hata kama bado hajaamua safari. Baadaye, tiketi ikatwe kwa jina lile lile la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Jina la ndoa ambalo halimo kwenye pasipoti halisafiri.

Viza ya biashara ya China ni ya herufi M, na inaombwa kwa barua ya mwaliko kutoka kampuni ya kule. Wanaohudhuria maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou (Canton Fair) hupata mwaliko kupitia usajili wa maonyesho yenyewe. Barua za kununuliwa mtaani zipo, na ndizo zinazomfanya mtu atetemeke dirishani akiulizwa kampuni iliyomwalika inauza nini. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita mbele, na kurasa tupu.

Chanjo ya homa ya manjano ina jambo ambalo halisemwi sana kwenye foleni ya chanjo. Anayechanjwa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 60 au zaidi ana uwezekano mkubwa kuliko vijana wa kupata madhara makali. Ni wachache wanaoyapata, lakini daktari anapaswa kujua umri wako, dawa unazokunywa na magonjwa uliyonayo kabla ya sindano. Aliyewahi kuchanjwa zamani atafute kadi yake, kwa sababu tangu 2016 chanjo hiyo inahesabiwa kuwa ya maisha yote.

Dawa za presha na sukari zikae kwenye begi la mkononi, ndani ya maboksi yake, pamoja na barua ya daktari yenye majina ya kitaalamu ya dawa. Insulini isiwekwe kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, huko inaweza kuganda. Beba za siku kumi zaidi ya safari. Guangzhou iko mbele yetu kwa saa tano, kwa hiyo kidonge cha saa mbili asubuhi Dodoma ni cha saa saba mchana kule. Kabla ya kuondoka muulize daktari namna ya kuhamisha saa. Kuna wanaoruka dozi wakidhani wameshameza, na wanaomeza mara mbili.

Wengi hupita Addis Ababa, wengine hupanda Dar moja kwa moja au Nairobi. Mguu wa mwisho ni kama saa kumi angani. Kaa kiti cha pembeni, simama kila baada ya saa moja au mbili, kunywa maji, vaa soksi za kubana kama daktari amekuruhusu. Na kiti cha magurudumu cha uwanjani ni bure, kinaombwa wakati wa kukata tiketi. Akina mama wengi huona aibu kukiomba, wanasema wao si wagonjwa. Mwenye goti bovu akitembea kutoka lango moja hadi jingine Addis akiwa na begi la kilo saba, siku mbili za kwanza Guangzhou atazimalizia kitandani, na siku mbili hizo ameshazilipia.

Simu itayarishwe nyumbani, kwa utulivu, wala si usiku wa safari huku mjukuu anabonyeza haraka haraka. WhatsApp na Google hazifunguki kwa intaneti ya kule. Laini ya kwetu ikiwa na roming kwa kawaida huzifungua, kwa gharama yake. Kazi zote za biashara zinafanyika kwa WeChat, programu ya ujumbe ya Wachina, na WeChat ina tabia ya kudai mtu mwingine mwenye akaunti ya zamani akuthibitishe wakati wa kujisajili. Mtafute huyo ukiwa bado kwenu. Alipay, programu ya kulipia kwa simu, ifunguliwe pia, uingize kadi yako ya benki ya Visa au Mastercard, ujaribu. Malipo ya chini ya yuan 200 kwa kadi ya kigeni hayana makato, juu ya hapo hukatwa asilimia 3, kwa hiyo mzigo mkubwa haulipwi kwa njia hiyo. Benki iarifiwe kuwa kadi itatumika China, la sivyo kadi inaweza kufungwa siku ya kwanza.

Jifunze kuskani msimbo wa malipo (QR) mwenyewe. Mama anayemkabidhi mkalimani simu yake alipe kila kitu harudi na hesabu, anarudi na kumbukumbu.

Pesa taslimu: China inataka utangaze forodhani ukiingia na zaidi ya dola 5,000, na Tanzania ukitoka na zaidi ya dola 10,000. Tangaza. Haikatwi kodi kwa kutangaza, inapotea kwa kuficha. Wapo wanaoshona noti kwenye sketi ya ndani kama enzi za mabasi ya usiku. Noti za kutembea nazo ziwe chache, zilizobaki zipite benki au kwa njia ambayo ina risiti.

Siku ya kwanza usinunue kitu.

Hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Umetua uwanja wa ndege wa Baiyun, umechoka, umeamka saa tisa usiku macho makavu, na dirishani unaona mji usio na mwisho. Mikono inawasha kufanya kitu cha kuhalalisha nauli. Tembea tu. Chukua kadi ya hoteli yenye anwani kwa herufi za Kichina, iweke kwenye pochi na nyingine kwenye kiatu kama unapenda, kwa sababu dereva hasomi herufi zetu. Ukilala hoteli, mapokezi wanakuandikisha polisi wenyewe. Ukilala kwenye fleti ya mtu, sheria inataka uandikishwe ndani ya saa 24, na mwenyeji anayekwambia si lazima hatakuwepo siku ya faini. Pasipoti tembea nayo, polisi wana haki ya kuiomba barabarani.

Wengi hulala mitaa ya Xiaobei au Sanyuanli. Xiaobei ina kituo cha metro cha laini ya 5, ina migahawa ya halali, ina sauti za Kilingala, Kiarabu na Kiswahili, na wauzaji ambao tayari wanajua kusema "mama". Ni mahali pazuri pa kulala na pabaya pa kununua. Mali nyingi zinazouzwa hapo zimetoka masoko yaliyo vituo viwili vitatu mbele, zimeongezewa bei ya kukuzoea. Nauli ya metro inaanzia yuan 2.

Karibu na stesheni ya zamani ya treni kuna Baima, ghorofa la nguo za wanawake zenye ubora wa kati na juu, na mtaa wa Zhanxi wenye viatu na saa. Shahe ni nguo za bei ya chini. Soko lile huamka kabla ya jua, na wewe ukifika baada ya chai wenzako wameshafunga mizigo. Vitambaa viko Zhongda, upande wa kusini wa mto. Mabegi yako Sanyuanli. Taa ni mji wa Guzhen, fenicha na marumaru ni Foshan, na vitu vidogovidogo vya nyumbani watu hupanda treni ya mwendokasi hadi Yiwu, lakini Yiwu iwe safari yake. Anayejaribu miji mitatu kwa siku kumi anarudi na picha nzuri.

Maonyesho makubwa, yale yaliyoanza mwaka 1957, hufanyika Pazhou mara mbili kwa mwaka, kuanzia 15 Aprili na 15 Oktoba, kwa awamu tatu za siku tano tano. Awamu ya kwanza ni mashine, umeme na zana za mikono, ya pili vyombo, mapambo na fenicha, ya tatu nguo, viatu na vitu vya watoto. Mama wa vitenge anayefika awamu ya kwanza atapewa vipeperushi vya jenereta. Maonyesho ni ya kuonana na viwanda. Kiwanda kinataka oda ya vipande 500 au 1,000 vya aina moja, na hoteli za mji mzima hupanda bei wiki hizo. Kwa mtaji wa shule, masoko ya jumla yanatosha, na ni bora uende Novemba katikati kuliko katikati ya vurugu. Usiende karibu na mwaka mpya wa Kichina, Januari au Februari, viwanda hufungwa kwa wiki kadhaa. Wiki ya kwanza ya Oktoba nayo ni sikukuu.

Ndani ya soko, bei inasemwa kwa kikokotoo. Muuzaji anaandika, unafuta, unaandika yako. Anayeuliza kipande kimoja anapewa bei ya rejareja au hajibiwi kabisa. Nguo huuzwa kwa seti, rangi moja yenye saizi zote. Vidole vina lugha yake pia: kidole gumba na cha shahada vikinyooshwa, kwetu ungedhani ni mbili, kule ni nane. Gumba na kidole cha mwisho ni sita. Watu wamekubali bei kwa kichwa na kugundua kwenye risiti.

Hasara kubwa ya nguo haitokani na wizi, inatokana na nyonga. XL ya Guangzhou mara nyingi ni M yetu. Beba futi ya fundi na gauni moja kutoka nyumbani ambalo wateja wako huvaa. Lilaze, pima nyonga kutoka mshono hadi mshono, zidisha kwa mbili. Kama wateja wako ni akina mama wa sentimita 110 hadi 120, gauni la 98 halitavutika kwa maombi. Kitambaa kisichovutika kiachie nafasi ya sentimita nne au tano zaidi. Viatu ni vilevile: seti ya kawaida ya wanawake kule huishia 39, na wewe unataka 38 hadi 42. Sema hivyo kabla ya bei, kwa sababu seti hiyo wakati mwingine inatengenezwa kwa oda.

Kisha kuna sampuli nzuri na mzigo mbovu. Unachagua gauni lililoning'inia, unalipa, stoo wanakufungia kitambaa chepesi zaidi au zipu nyingine. Ukishaweka oda, kata kipande cha kitambaa cha sampuli au chukua sampuli yenyewe, muuzaji aisaini kwa kalamu isiyofutika, ubaki nayo. Utaratibu wa kawaida ni kulipa asilimia 30 mwanzoni na 70 mzigo ukiwa tayari. Salio lile 70 ndilo sauti yako pekee. Kabla ya kulitoa, nenda stoo, fungua katoni za chini na za katikati, maana za juu ndizo zilizopangwa kwa ajili yako. Hesabu katoni tatu kwa kumi, vuta zipu, nusa viatu, maana vyenye harufu kali ya gundi vitabanduka kwenye joto la kontena.

Piga picha ya muuzaji akiwa mbele ya kibanda chake, namba ya kibanda ionekane. Chukua kadi yake na risiti yenye muhuri mwekundu. Na ukishafika nyumbani, ukipokea ujumbe wa WeChat kwamba akaunti ya benki imebadilika, usilipe mpaka umeona uso wake kwa video akikutajia namba mwenyewe.

Kuna vyumba vya juu ambako utapelekwa kuona mabegi yenye majina makubwa ya Ulaya kwa bei ya chungwa. Tume ya Ushindani nchini Tanzania hukamata na kuteketeza bidhaa bandia, na kwenye moto huo huwa hakuna tofauti kati ya tapeli na mwalimu mstaafu. Vipodozi navyo vinataka usajili wa TBS. Mama anayeanza aviache.

Mkalimani ni sura peke yake. Wanafunzi wetu walioko kule wanajua lugha na wanajua shida, lakini viza ya mwanafunzi hairuhusu kazi bila kibali, na mwanafunzi akikamatwa, wewe ndiye umebaki sokoni peke yako. Wengine hula kamisheni pande zote mbili, dukani na kwako. Dalili yake ni kwamba kila duka analolijua yeye lina bei nzuri na kila unaloliona wewe lina matatizo. Mlipe kwa siku, kiasi kikubaliwe asubuhi, na siku moja katika kila tatu nenda peke yako na programu ya kutafsiri kwenye simu. Utakosea. Lakini utajua bei ya kweli.

Mwili utadai chake. Sakafu za masoko ni ngumu na siku moja ni kilomita kumi bila kujua. Viatu vipana, saizi moja juu, kwa sababu miguu huvimba. Vyoo vingi vya masokoni ni vya kuchuchumaa na havina karatasi, na mwenye goti lisilokunja atafute ghorofa la kisasa au hoteli kubwa mapema, asingoje kubanwa. Maji ya bomba hayanywewi bila kuchemsha, kila chumba cha hoteli kina birika. Tambi za Waislamu wa Lanzhou zinapatikana karibu kila mtaa, ni moto, ni za halali, na ni rahisi kuagiza kwa kuonyesha picha ukutani.

Usiku wa nne au wa tano huja upweke. Unaujia hata mama aliyeongoza shule ya wanafunzi 900. Mchana kutwa hakuna aliyemwita mwalimu, hakuna aliyesimama alipopita, kijana wa miaka 20 amemzidi akili kwa kikokotoo, na nyumbani ni saa ambayo wajukuu wanakula. Wengine hulia, wengine hununua kitu kikubwa kesho yake ili kuzima hisia hiyo, na huo ndio ununuzi mbaya kuliko wote wa safari. Ijumaa kuna msikiti ulio jirani na kaburi ambalo wenyeji hulinasibisha na sahaba Saad bin Abi Waqqas, umejaa wageni. Jumapili kwenye kanisa kuu la mawe la Moyo Mtakatifu kuna ibada ya Kiingereza yenye Waafrika wengi. Hata asiye na haja ya ibada hukuta mtu wa kumwuliza habari za nyumbani.

Lakini kuna upande mwingine ambao hausemwi kwa sababu unaonekana kama kukosa adabu. Ni mara ya kwanza katika miaka 35 kwamba mama huyu anakula bila kuulizwa amepika nini. Anachagua saa ya kulala. Mjane aliyekuwa akiruhusiwa kwenda msibani na sokoni tu anajikuta anakatiza mji wa mamilioni kwa treni ya chini ya ardhi na kadi yake mkononi. Akirudi, watoto huona mabadiliko kabla ya kuona mzigo, na si wote hufurahi.

Mzigo sasa. Chepesi chenye thamani, kama nywele na nguo laini, hupanda ndege kwa kilo. Kizito au chenye nafasi kubwa, kama vyombo, viatu vya katoni na fenicha, hupanda meli kwa CBM, yaani urefu mara upana mara kimo kwa mita. Katoni ya sentimita 60 kwa 40 kwa 50 ni CBM 0.12. Katoni hiyo ikipanda ndege ikiwa na midoli ya kilo 6, usishangae kulipia kilo 20: wakala amezidisha sentimita zote akagawanya kwa 6,000. Vyenye betri na vimiminika vina bei yake. Kila katoni iandikwe jina, simu na mji, ipigwe picha mizanini, na risiti ya wakala iseme idadi ya katoni, kilo au CBM, na tarehe. Risiti inayosema "mzigo wa mama" haidaiwi popote.

Meli huchukua kama siku 30 hadi 45 baharini, na foleni ya bandari huongeza yake. Usikopee mzigo uliopo majini.

Ukisafirisha kwenye kontena la kuchanganya, bei ya wakala kwa kawaida ina ushuru ndani, na ni nafuu ya kichwa. Ubaya wake ni kwamba karatasi za forodha haziko kwa jina lako. Siku TRA wakiuliza mali dukani iliingiaje, una risiti ya wakala tu. Ukikua, ingiza kwa TIN yako. Bidhaa nyingi zilizokamilika hutozwa ushuru wa asilimia 25, na baadhi, nguo nyingi zikiwamo, 35, halafu VAT ya 18 juu ya thamani pamoja na ushuru. Mali ya kundi la asilimia 25 yenye thamani ya dola 3,000, nauli na bima zikiwa ndani: ushuru 750, VAT 675, na tozo nyingine ndogo juu yake. Karibu nusu ya mali. Hesabu hii ifanyike Guangzhou, kabla ya kulipa.

Na mzigo ukifika, usikimbilie fremu Kariakoo. Kilemba cha kupata fremu na kodi ya mwaka mzima vitakula kile ulichokilinda China. Uza shuleni ulikotoka, wodini, kikobani, kwenye kwaya. Tatizo la wateja hao ni heshima. Mwalimu mwenzako anachukua magauni matatu hadi mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi anakupigia simu ya kukusalimu. Weka kikomo cha mkopo kuwa theluthi ya mzigo, andika daftarini mbele yake, asaini. Ndugu walioagiza "niletee simu moja tu" walipe kabla ya safari, au wasubiri safari ya mtu mwingine.

Anayefikiria awamu ya pili ya Aprili, ambayo huanza tarehe 23, asingoje Machi. Cheti na majina Septemba, pasipoti Desemba, daktari na mwaliko Januari, viza Februari, tiketi mara tu viza inapotoka. Na vile viatu vipana avinunue mapema, avivae mwezi mzima akizunguka soko la kwao, mpaka viache kumuuma.